Televisheni Tatu, Doa Moja

Televisheni ya tatu ilipowashwa sebuleni kwa baba yangu, na doa jeusi likawa palepale katikati, nilikaa chini sakafuni nikaanza kucheka.

Si kicheko cha furaha. Ni kile cha mtu aliyechoka mpaka machozi yamegoma kutoka.

TV tatu. Maboksi matatu. Mbili za kampuni moja, ya tatu ya kampuni nyingine kabisa. Ubovu uleule.

"Lipo?" nikamuuliza Baba.

"Lipo," akasema kwa upole, kama vile yeye ndiye mwenye kosa.

Mwenzenu nikajua kuna mtu ananichezea. Nikasema hili duka leo litanitambua mimi ni nani.

Ngoja niwapeleke taratibu. Wale wa "fupisha dada" naomba mpite tu, leo sina nguvu ya kubishana na mtu.

Kazi yangu ni huduma kwa wateja. Nakaa kwenye kiti chenye gurudumu moja bovu, hedifoni masikioni, napokea simu za watu waliokasirika kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni. Kila simu dakika nne. Ikizidi hapo, jina langu linawaka jekundu kwenye kompyuta ya msimamizi, naye anakuja kusimama nyuma yangu, anahema.

Huu mwaka wa tisa. Katika miaka tisa nimejifunza kitu kimoja tu: mtu akifungua mdomo, mimi jibu ninalo tayari. Nasikia maneno matatu ya kwanza, mengine namalizia mwenyewe. "Nimekuelewa mteja wetu, hilo ni tatizo la kifurushi." Kata. Anayefuata.

Nalipwa kujibu. Hakuna aliyewahi kunilipa kusikiliza.

Baba yangu ni mchora mabango. Siyo haya ya kuchapwa kwenye turubai, hapana. Yale ya mkono, rangi na brashi. Saluni, gereji, shule za chekechea, maduka ya vifaa. Ukitembea mtaani kwetu kuanzia juu mpaka chini, unasoma mwandiko wa baba yangu.

Na hatumii rula. Anavuta pumzi, anabana brashi, anapiga mstari wa mita mbili kwa mkupuo mmoja. Nenda na kamba ukaupime. Umenyooka.

Akikutana na bango la mtu mwingine anasimama kabisa barabarani. "Mama, hebu itazame hiyo M. Imelewa."

Mama ni mimi. Ndivyo anavyoniita tangu nazaliwa.

Mama mwenyewe, mke wake, tulimzika miaka minne iliyopita. Tangu hapo Baba anaishi peke yake, vyumba viwili na kibaraza chenye makopo ya rangi, na TV ndiyo mwenzake wa kuongea naye. Anabishana na watangazaji. Anawajibu kabisa: "Wewe juzi hukusema hivyo, acha uongo."

Basi siku moja akaniambia, "Mama, hii TV imechoka. Rangi zimepauka, utadhani zimefuliwa zikaanikwa juani."

TV yenyewe ilikuwa na miaka kumi na mbili. Sikushangaa. Nikamwambia nitakununulia mpya, Baba, na safari hii hakuna wa kutuibia.

Hapo ndipo nilipoanza kujitia ujuaji.

Wiki mbili nzima, mapumziko ya mchana nilikula huku nasoma kwenye simu. Nikanunua daftari. Jamani, mimi niliyekuwa nadhani inchi za TV ni upana! Kumbe wanapima mshazari, kona ya juu mpaka kona ya chini ya upande wa pili. Nikaandika.

Nikaandika 4K, kwamba picha imegawanywa vitone vidogovidogo, vinaitwa pikseli, na hapo viko kama milioni nane. Nikaandika HDR, kwamba penye mwanga panang'aa na penye giza panakuwa giza kweli, kwenye picha hiyohiyo moja. Nikaandika hezi, yaani kwa sekunde moja picha inabadilishwa mara ngapi, ili mpira ukipigwa usiache mkia nyuma. OLED, kila kitone kinajiwashia taa yake. LED ya kawaida, taa ziko nyuma zinamulika vitone vyote kwa pamoja.

Kazini wakanitania. Jirani yangu wa meza akaniuliza kama nataka kununua TV au kuizaa.

Nikaenda dukani na daftari langu. Muuzaji kijana mchangamfu, wenzake wanamwita Inchi, maana kila mteja anaanza naye hivyohivyo.

"Karibu dada! Unataka inchi ngapi?"

"Kabla ya inchi, niambie hezi."

Akanitazama. "Hezi zipo."

"Ngapi?"

"Za kutosha."

"Hapa mmeandika mia na ishirini. Ni za kioo chenyewe, au ni programu inaongezea chumvi?"

Inchi akageuka akamwita mwenzake. "Njoo usikie. Leo tumeletewa mkaguzi."

Niwe mkweli, nilisikia raha. Siku nzima mimi ndiye ninayefokewa. Siku hiyo nilikuwa upande wa pili wa meza, na nilikuwa na maneno.

TV ikaletwa kwa Baba. Ikafungwa ukutani. Siku tatu baadaye simu ikalia.

"Mama, TV nzuri. Ahsante sana. Ila yale maandishi ya habari yanayopita chini..."

"Yamefanya nini?"

"Yanapanda kilima."

"Kilima?"

"Yanakuja vizuri, yakifika katikati yanainuka, halafu yanashuka tena."

Jibu nikawa nalo kabla hajameza mate. "Ni paneli hiyo, Baba. Kile kioo cha ndani. Kimepinda njiani wakati wa kubeba."

"Ahaa. Paneli."

"Usijali. Iko kwenye waranti."

Jumamosi nikaenda kuangalia. Mimi niliona maandishi yananyooka tu. Lakini mimi ni nani? Yule ni mtu anayesimama ng'ambo ya barabara akakuambia herufi moja imezidi nyingine kwa unene wa ukucha. Maisha yetu yote, macho ya baba yangu ndiyo yalikuwa kipimo. Baba akisema imepinda, imepinda.

Inchi alikuja, akachuchumaa, akainuka, akachuchumaa tena. "Dada, mimi naona iko sawa."

"Wewe kazi yako ni kuona iko sawa."

Simu kumi na moja nilipiga. Wiki mbili na nusu zikaisha. Wakaibadilisha.

Ya pili ikaja. Baba akakaa nayo wiki moja, kimya. Nikafurahi. Kisha nikiwa kwake Jumapili, nakuna nazi jikoni, akaniita.

"Mama, hii ina doa."

"Wapi?"

"Katikati. Kijivu kijivu. Mtangazaji anasoma habari hana pua."

Nikaacha mbuzi na nazi yangu, nikaja mbio na daftari. Ukurasa wa sita. Pikseli iliyokufa.

"Baba, hicho ni kitone kilichokufa. Hakiwaki tena."

"Kimekufa? Maskini."

"Sasa kwa ukubwa huo, hapo zimekufa kundi."

Nikasogea mpaka pua yangu ikakaribia kioo. Sikuona kitu. Nikarudi nyuma. Nikafumba, nikafumbua. Nikamwambia abadilishe stesheni. Nikakodoa macho dakika kumi, na mwishowe, haki ya Mungu, nikaanza kuliona. Dogo, kwa mbali, linakuja linapotea. Nikampigia Inchi hapohapo nikamwambia nimeliona kwa macho yangu.

Nilipokata simu, Baba alikuwa amekaa kiti chake kilekile, mikono magotini.

"Halafu mama, kuna kitu kingine. Ile kalenda pale ukutani nayo..."

"Mabaki ya picha hayo, Baba."

"Eh?"

"Kioo kibovu ukikitazama sana, picha inabaki. Inaganda. Sasa na macho nayo yanazoea ule ubovu, ukitazama pengine unauona. TV nzuri ikija yatakaa sawa."

Hili sikulisoma popote. Nililitunga palepale, nikachanganya mambo mawili yaliyokuwa kwenye daftari, na likatoka na sauti ya kitaalamu kabisa. Mnajua ile sauti ya kazini.

Baba akatikisa kichwa taratibu. "Kumbe. Kumbe ndiyo hivyo."

Nikarudi kukuna nazi.

Ya tatu sikutaka tena ile kampuni. Niligombana na meneja wa duka mpaka watu wakaacha kuangalia friji wakawa wanatuangalia sisi. Wakanipa nyingine. Tangu Baba aseme habari ya kilima mpaka siku ile ya TV ya tatu, wiki saba.

Na doa lipo.

Ndipo nikakaa sakafuni nikacheka, kama nilivyowaambia. Nilipomaliza kucheka nikapiga huduma kwa wateja ya duka. Akapokea dada mmoja mwenye sauti ya kuchoka kama yangu.

"Pole kwa usumbufu, mteja wetu. Nimekuelewa."

"Hujanielewa. Hata sijasema."

Nikamsikia anapumua. Nikajua kabisa dakika zake zinahesabiwa.

"Basi sema, dada," akaniambia. Nikasema yote, na yeye akanisikiliza yote, sijui walimfanya nini baadaye. Akaahidi fundi, Jumamosi asubuhi.

Fundi akaja. Mtu wa makamo, mfupi, begi la ngozi, njiti mdomoni. Hakusalimia kwa mbwembwe. Akavua viatu mlangoni, akamwamkia Baba, akaketi kwanza.

Mimi nikaanza. "Fundi, hii ni ya tatu. Ya kwanza paneli ilipinda, ya pili pikseli zilikufa, hii nayo pikseli zimekufa palepale, na nimesoma kwamba kisheria..."

"Sawa dada. Mzee, wewe unaona nini?"

Nikafunga daftari.

"Doa," Baba akasema. "Katikati."

Fundi akatoa kwenye begi utepe wa kubandikia, akakata kipande kidogo kama ukucha. Akawasha TV, picha ikasimama bluu tupu. "Niongoze. Nataka nibandike juu ya doa lenyewe."

"Kushoto kidogo. Juu. Hapo. Hapana, limesogea. Chini. Hapo... fundi, mbona unalisukuma?"

"Sijaligusa, mzee."

"Linasogea."

Fundi akatoa mkono. Akakaa pale mbele ya TV amechutama, njiti imetulia mdomoni. Kisha akaubandika utepe pembeni kabisa, kwenye kona ya juu.

"Sasa tazama huu utepe wangu, mzee. Utazame wenyewe."

Baba akageuza macho kwenye kona.

"Umepotea," akasema. "Doa limeenda huko. Limeufunika."

Fundi akazima TV. Kioo kikawa cheusi. Akasimama akanigeukia mimi, na akaongea polepole kama mtu anayeongea na mgonjwa.

"Dada, pikseli ikifa, imekufa hapohapo ilipo. Haitembei. Hili la mzee linatembea."

Kichwani nikatafuta neno. Nikapekua daftari zima, ukurasa kwa ukurasa. Hakukuwa na neno.

"Mzee, tazama ukuta," fundi akasema. "Lipo?"

Baba hakujibu.

"Mzee wangu. Lipo ukutani?"

"Lipo."

"Funika jicho la kushoto. Unanionaje?"

"Nakuona una doa usoni."

"Haya, sasa funika la kulia."

Baba akainua kiganja chake chenye rangi iliyokaukia kwenye kucha, akafunika jicho la kulia. Fundi alikuwa amesimama hatua mbili mbele yake.

"Fundi," Baba akasema. "Mbona sikuoni kichwa?"

Sauti yake ilikuwa ya mtoto. Sijawahi kumsikia baba yangu na sauti ile, hata siku tuliyomzika mama.

Fundi akafunga begi lake. Mlangoni, anavaa viatu, akaniambia chinichini, "Mama yangu alianza hivihivi. Mpeleke hospitali ya macho. Leo. Usiseme Jumatatu."

Sikusema Jumatatu.

Hospitalini tulikaa kwenye benchi la mbao, wakamtia matone, mboni zikapanuka mpaka macho yake yakawa meusi yote. Daktari alikuwa mwanamke wa rika langu, naye amechoka, unamjua mtu aliyechoka kwa jinsi anavyokaa. Akampa Baba karatasi ngumu iliyochorwa miraba midogo, mistari wima na mistari ya kulala, na nukta katikati.

"Funika jicho la kushoto, mzee. Tazama nukta. Niambie unaonaje hii mistari."

Baba akaishika karatasi kwa urefu wa mkono. Na palepale nikamwona amebadilika, mgongo ukanyooka, kidevu kikapanda. Amepewa kazi ya mtu aikague.

"Daktari, samahani. Hii kachora nani?"

"Kwa nini mzee?"

"Mwambie asijiite fundi. Mistari imelegea. Hapa katikati imevimba, huku inapanda. Na hapa hakumalizia kabisa, kaacha shimo. Kazi gani hii ya kupeleka kwa watu?"

Alisema kwa hasira ya kweli. Daktari hakucheka. Akaniangalia mimi.

Nikaichukua ile karatasi. Imechapwa na mashine. Kila mstari umenyooka, kila mraba umekaa.

"Baba," nikasema. "Imenyooka."

"Yote?"

"Yote, Baba."

Akapitisha kidole gumba juu ya karatasi, taratibu, kama anavyogusa rangi kujua imekauka. Kisha akairudisha mezani akaipanga sambamba na ukingo wa meza.

Daktari akaanza kueleza, akataja neno refu, akataja jingine. Zamani ningetikisa kichwa. Safari hii nikamwambia, "Daktari, sijaelewa. Nieleze kama mtu asiyejua kitu."

Akanieleza. Nyuma ya jicho kuna sehemu ndogo ya katikati, hiyo ndiyo inayosoma, ndiyo inayotambua sura za watu. Ya baba yangu inavujiwa na mishipa dhaifu. La kushoto lilikwisha zamani, pengine mwaka, na hakujua kwa sababu la kulia lilikuwa linalibebea. Sasa la kulia nalo limeanza. Lenyewe ndilo lililokuwa limebaki.

"Kuna sindano," akasema. "Inazuia. Ila kilichokwisha kufa hairudishi. Alianza lini kuona mistari inapinda?"

"Wiki saba," nikasema.

Akaandika. "Mngekuja wiki ile ya kwanza, au ya pili..." Hakumaliza, akaendelea kuandika.

Nilijua wiki hizo zimeenda wapi. Nilizipeleka mimi mwenyewe dukani.

Tulirudi kwenye benchi kungoja sindano ya kwanza. Baba alikuwa na miwani nyeusi ya karatasi waliyompa. Wauguzi wakipita, yeye anageuza uso kufuata viatu.

"Lile bango la duka la dawa," akasema ghafla.

"Lipi?"

"Nililokuambia nimelikataa kwa sababu mkono umechoka. Sikulikataa. Nililianza. Nikapiga mstari wa chini, mwenye duka akaniambia, mzee, mstari umepanda. Nikamwambia wewe hujui. Nikashuka ngazi, nikatazama, umenyooka kabisa. Nikamwita mpita njia, mtu nisiyemjua. Naye akasema umepanda."

"Lini hiyo?"

"Kabla ya TV ya pili."

"Baba! Kwa hiyo ulijua? Ulijua ni macho, ukaniacha nazunguka na matelevisheni?"

Nilipandisha sauti. Watu kwenye benchi wakatazama. Sina fahari nayo.

Baba akangoja nitulie.

"Nilianza kukuambia, mama. Siku ile ya kalenda. Nilikaa wiki nzima natafuta jinsi ya kulisema, maana nikishalisema, brashi ndiyo basi tena. Nikaanza. Ukaniambia ni mabaki ya picha."

Nikaichukua kofia yake pale kwenye benchi, nikaikunja.

"Nilifurahi sana," akasema. "Hujui nilivyofurahi. Nilisema kumbe kina jina. Kumbe mwanangu amekisoma na anakijua, na dawa yake ni kubadilisha TV. Usiku ule nililala vizuri kuliko siku zote."

Muuguzi akaja akamshika mkono. Nikabaki pale kwenye benchi na kofia yake mapajani.

Imepita miezi minane. Kila mwezi sindano, ndani ya jicho lenyewe, na mimi kila mwezi naomba ruhusa kazini na msimamizi anahema. Doa la jicho la kulia limesimama. Halikui. Halipungui pia. Baba hachori tena. Makopo ya rangi aliyagawa, brashi moja tu kaibakiza, anaikoroga kwenye maji ikianza kukakamaa.

TV ipo. Nzima kabisa, haijawahi kuwa na tatizo lolote. Daktari alimfundisha kutumia pembeni mwa jicho, kule ambako bado hakujaharibika. Kwa hiyo akitaka kuona habari anatazama dirisha, na akitaka kuona sura ya mtu anatazama sikio lake. Mgeni akija anadhani anapuuzwa.

Dukani nilirudi. Nilimwomba radhi Inchi mbele ya wenzake. Akaniambia, "Dada, mimi nilijua ni bora nikubali tu, ulikuwa unatisha."

Juzi nimetoka kazini nikapitia kwa Baba. Alikuwa anaisikiliza TV zaidi ya kuitazama. Nikaketi. Siku hizi kuna swali nimejilazimisha kuuliza, kisha nanyamaza, na kunyamaza kwenyewe kwangu ni kazi nzito kuliko zamu.

"Unaona nini, Baba?"

Ulimi ukaniwasha. Nikauma meno.

Baba akageuza uso wake mpaka akawa anatazama mlango. Mtu asiyejua angesema anamtazama mtu anayeingia. Alikuwa ananitazama mimi.

"Nakuona wewe," akasema. "Umechoka, mama. Mabega yako yamelala. Shavu limeingia ndani. Umechoka siku nyingi, si leo wala jana, na hapa kila mtu anauliza habari za macho yangu tu."

Jibu nilikuwa nalo. Niko sawa, Baba, ni kazi tu. Lilikuwa limeshafika kwenye meno.

Sikulitoa. Nikalia mpaka pua zikaziba, naye akabaki ameutazama mlango, hakunikatisha.

Haya, somo langu ni dogo, na nililinunua ghali. Ukienda kununua TV, jifunze inchi, jifunze hezi, usikubali kuuziwa maneno. Lakini mzazi wako akikuambia picha mbovu, kabla hujabeba boksi, mwambie afunike jicho moja atazame fremu ya mlango. Kisha afunike la pili. Mwulize anaona nini, halafu mwache amalize anachosema.

Mimi sikumwacha, na jicho halirudishwi dukani.